Mrututu wa dukani na hesabu iliyochukua miaka 82 kukamilika

Chumvi ya bluu inayovuka mipaka yetu kwenda kwa wakulima imewasaidia wanafizikia kujibu swali gumu: shaba ikipoa hadi mwisho, sumaku iliyo ndani yake hufanya nini?

MFUKO wa mrututu ukifunguliwa dukani, mnunuzi mzoefu hutazama rangi kwanza. Bluu iliyokolea ni dalili njema. Ukiwa umepauka na kuanza kutoa unga mweupe, maana yake umepoteza sehemu ya maji yake, pengine kwa kukaa kwenye joto au hewa kavu kwa muda mrefu. Mkulima wa kahawa huuchanganya na chokaa na maji kupambana na magonjwa ya ukungu. Mfugaji huutia kwenye maji ya kuoshea kwato. Migodi huutumia katika kuchenjua baadhi ya madini. Kwenye hati za forodha unaingia chini ya msimbo wa HS 2833.25, yaani salfeti za shaba.

Bidhaa hiyohiyo, ikikuzwa taratibu hadi kuwa fuwele kubwa moja, imewekwa mbele ya mashine za kisayansi za mamilioni ya fedha huko Ulaya na Marekani. Wanafizikia wameipoza hadi karibu na baridi ya mwisho inayowezekana, wakaipima joto lake na usumaku wake, na kutoka humo wakapata jibu la hesabu iliyoandikwa mwaka 1931.

Kwa ukanda ambao shaba ni miongoni mwa mizigo yake mikubwa, kuanzia Kolwezi na Lubumbashi, kupitia Kasumbalesa na Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam, ni habari inayohusu thamani ya kitu kinachopita mlangoni kila siku.

Kilo 25 zina nini ndani yake

Mrututu ni shaba, salfa, oksijeni na maji. Maji hayo hayajamwagiwa juu. Yamefungwa ndani ya fuwele yenyewe, molekuli tano za maji kwa kila atomu moja ya shaba. Katika mfuko wa kilo 25 wa mrututu safi, shaba ni takriban kilo 6.4 na maji ni kama kilo 9. Ndiyo maana ukiukaanga hugeuka mweupe na kupungua uzito, na ukiurudishia maji unakuwa bluu tena. Wanafunzi wa sekondari hulifanya jaribio hilo darasani.

Jambo lisiloonekana kwa macho ni mpangilio. Ndani ya fuwele, atomu za shaba hazijatawanyika ovyo. Nusu yake zimejipanga katika mistari mirefu, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikihisi majirani zake wawili wa mstari huo huku ikiwa karibu haihisi chochote kutoka mistari ya pembeni. Wanafizikia huiita mistari hiyo minyororo ya spini.

Spini ni nini? Elektroni, chembe ndogo inayozunguka ndani ya atomu, ina sumaku ndogo ya kuzaliwa nayo. Katika atomu nyingi elektroni hukaa mbili mbili, sumaku zao zikielekea pande zinazopingana, na kila jozi ikafuta nguvu yake yenyewe. Shaba iliyo ndani ya mrututu hubaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Sumaku ya elektroni hiyo ndiyo spini, na katika fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo sana, kipimo chake ni nusu.

Mwaka 1928 Mjerumani Werner Heisenberg alieleza kwa nini sumaku hizo ndogo zinasikilizana. Katika minyororo ya shaba ya mrututu, usikilizanaji huo ni wa upinzani: mmoja akielekea juu, jirani yake hupendelea kuelekea chini.

Foleni isiyotulia

Chukua foleni ya malori mpakani, lakini malori yamepangwa kwa zamu: moja linatazama Tunduma, la pili linatazama Nakonde, la tatu Tunduma, la nne Nakonde, hivyo hivyo hadi mwisho. Huo ndio mpangilio ambao akili ya kawaida ingetarajia katika mnyororo wa spini ukipoa kabisa.

Sasa geuza lori moja tu katikati. Ghafla kuna malori matatu mfululizo yanayotazama upande mmoja. Kosa ni moja, lakini viungo vibovu ni viwili: kati ya lori lililogeuzwa na lile la mbele yake, na kati yake na lile la nyuma. Kisha malori mawili ya jirani yanayotazamana kinyume yakibadilishana mwelekeo, kiungo kibovu kimoja kinasogea hatua mbili mbele. Mabadilishano kama hayo upande wa pili yanakisogeza kile kingine nyuma. Baada ya muda, viungo vibovu viwili viko mbali kabisa, na katikati yake foleni imejipanga vizuri tena.

Kosa moja limegawanyika kuwa vipande viwili vinavyosafiri kila kimoja kivyake. Kila kipande kimebeba nusu ya badiliko la awali. Vipande hivyo huitwa spinoni.

Katika sumaku ya kawaida, ambako kila atomu ina majirani pande zote, mgawanyiko huo hauwezekani. Kila hatua ambayo kipande kimoja kingepiga kuondoka ingeacha nyuma yake njia ya majirani waliokosana, na gharama ya nishati ingeongezeka kwa kila hatua. Kwenye mstari mmoja hakuna majirani wa pembeni wa kukosana nao. Wembamba wa mnyororo ndio unaowapa spinoni uhuru.

Kuna ajabu ya pili. Foleni ya mfano imesimama. Mnyororo wa kweli wa spini za nusu hausimami kamwe. Hata kwenye sifuri halisi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, ambako kila kitu kingetarajiwa kuganda, spini za mnyororo huendelea kubadilishana, na hakuna hata moja unayoweza kusema inatazama upande fulani kwa hakika.

Aliyeonesha kwamba tatizo hilo linahesabika alikuwa Mjerumani Hans Bethe. Mwaka 1931, akiwa na miaka 24, alichapisha njia ya kupata majibu kamili ya mnyororo wa Heisenberg, bila kukadiria. Miaka miwili baadaye aliondoka Ujerumani ya Wanazi, kwa kuwa mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na hatimaye akafanya kazi Marekani. Mwaka 1967 alipata Tuzo ya Nobel, lakini kwa kueleza jinsi nyota zinavyozalisha nishati. Maana ya kazi yake ya mnyororo ilichukua muda mrefu kueleweka. Ni mwaka 1981 tu ndipo Warusi Ludwig Faddeev na Leon Takhtajan walipoweka wazi kwamba vinavyosafiri ndani ya mnyororo huo ni vipande vyenye spini nusu.

Nusu ya mzigo haikuonekana

Kabla ya hesabu kukutana na vipimo vya sumaku, joto lilikuwa limeshatoa dokezo.

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwapo mtaalamu wa baridi kali, William Giauque, mzaliwa wa Niagara Falls upande wa Kanada. Mwaka 1949 alipata Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya tabia ya vitu kwenye baridi kali. Mwaka 1952 yeye na mwanafunzi wake Theodore Geballe walichapisha vipimo vya fuwele moja ya mrututu, kutoka kelvini 0.25 hadi kelvini 4. Kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri halisi. Kelvini 4 ni takriban nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Walichopima ni kiasi cha joto ambacho fuwele inahitaji ili ipande kidogo. Vitu vingi vikipoa sana, kiasi hicho hupungua kuelekea sifuri. Mrututu haukufanya hivyo. Kwenye kelvini 1.4 hivi ulipandisha kilima kipana, chenye mteremko wa taratibu kila upande. Hakukuwa na ncha kali kama ile inayoonekana pale sumaku ya kawaida inapojipanga kwa mara moja. Kilima kipana ni alama ya mnyororo: spini zinaanza kusikilizana na majirani wa karibu kidogo kidogo, bila amri ya pamoja.

Mfanyabiashara anaujua umuhimu wa kuhesabu ghala. Mwanafizikia naye ana hesabu yake ya ghala, inayoitwa entropia. Ni kipimo cha idadi ya namna ambazo vitu vinaweza kujipanga. Spini moja ya nusu ina njia mbili, juu au chini, kwa hiyo inajulikana kabisa ni kiasi gani cha entropia kinapaswa kutoka kwenye fuwele pale spini zote zinapotulia.

Kilima cha mrututu kilipojumlishwa, kilitoa takriban nusu tu ya kiasi hicho. Nusu nyingine ya mzigo haikuonekana.

Haikuwa imepotea. Ilikuwa kwenye kundi la pili la shaba. Ile nusu ya atomu ambazo hazimo kwenye minyororo hukaa katikati ya minyororo hiyo zikiwa karibu huru, hazisikilizani na mtu hadi baridi iwe kali zaidi, chini ya sehemu ya kumi ya kelvini. Fuwele moja ina tabia mbili: minyororo inayoongea, na watu wa pembeni wanaosubiri. Joto peke yake, likihesabiwa kwa uaminifu, lilitosha kuonesha hivyo.

Mwaka 1964 Jill Bonner na Michael Fisher, wakifanya kazi London, walitumia kompyuta kukokotoa joto na usumaku wa minyororo mifupi isiyozidi atomu 12, kisha wakakadiria mnyororo mrefu ungekuwaje. Mikunjo yao ikawa mizani ya kila maabara. Ukipima kiwanja kipya na kilima chake cha joto kikaangukia kwenye mkunjo wao, una mnyororo mkononi. Nguvu ya usikilizanaji katika minyororo ya mrututu ni sawa na kelvini 2.9 hivi, na kilima kinachotabiriwa kwa nguvu hiyo kinaangukia kwenye kelvini 1.4, palepale kilipoonekana.

Grenoble: jiwe la mizani na chenji isiyolingana

Ushahidi wa spinoni zenyewe ulihitaji chombo kinachoweza kugeuza spini moja na kusoma kilichofuata. Chombo hicho ni nyutroni, chembe isiyo na chaji ya umeme lakini yenye sumaku yake ndogo.

Mjini Grenoble, Ufaransa, kipo kituo cha Institut Laue-Langevin, kilichoanzishwa mwaka 1967 na Ufaransa na Ujerumani, na Uingereza ikajiunga mwaka 1973. Kinu chake cha nyuklia hakizalishi umeme. Kazi yake ni kutoa nyutroni kwa ajili ya utafiti. Huko ndiko timu ya wanafizikia, wakiwamo Martin Mourigal, Mechthild Enderle na Henrik Rønnow, ilikopeleka mrututu.

Mrututu wa kawaida haukufaa. Maji yake yana haidrojeni, na haidrojeni hutawanya nyutroni kila upande kama vumbi linaloziba kioo. Kwa hiyo fuwele ilikuzwa kwa maji mazito, ambayo badala ya haidrojeni ya kawaida yana ndugu yake mzito, dyutiriamu. Kemia ni ileile na bluu ni ileile, isipokuwa picha inakuwa safi zaidi.

Nyutroni ikiingia, inagonga spini moja na kuigeuza, kisha inatoka ikiwa imepungukiwa nishati na imebadili mwelekeo. Watafiti wanasoma upungufu huo. Ni kama kumtuma mtoto dukani na noti ya shilingi elfu kumi na kutazama chenji anayorudi nayo. Akirudi kila mara na chenji ileile, amenunua kitu kimoja chenye bei moja. Chenji ikiwa inabadilika kila mara, lakini kati ya kiwango cha chini na cha juu ambavyo havivukwi, amenunua vitu viwili vinavyogawana fedha kwa namna mbalimbali.

Mrututu ulirudisha chenji ya namna ya pili. Kwa kila mwelekeo, nishati ilitawanyika katika eneo pana lenye mipaka iliyo wazi, kama inavyotarajiwa pale pigo moja linapozaa spinoni mbili.

Hilo lilikuwa limeshaonekana katika viwanja vingine vya shaba. Jipya la Grenoble lilikuwa mizani. Nadharia ilisema kwamba spinoni mbili mbili zinabeba asilimia 71 tu ya jibu lote. Asilimia 29 zilizobaki zilitakiwa kutoka kwenye matukio ambayo pigo moja linazaa spinoni nne au zaidi, na hakuna aliyekuwa amezipata kwa vipimo. Ili kuzihesabu, haitoshi kujua umbo la jibu. Lazima ujue uzito wake kamili.

Timu hiyo ilipata jiwe la mizani ndani ya fuwele ileile. Waliiweka kwenye nguvu ya sumaku ya tesla 5, iliyotosha kulazimisha spini zote zitazame upande mmoja. Katika hali hiyo mnyororo unakuwa rahisi: pigo moja, wimbi moja, bei moja inayojulikana. Kwa kutumia kipimo hicho walirekebisha mizani yao, kisha wakaondoa sumaku na kupima tena.

Jumla ilifika asilimia 99, kukiwa na uwezekano wa kupishana kwa asilimia 8. Hesabu ilifunga. Spinoni za nne nne na zaidi zilikuwapo, na mchango wao ulikuwa kama ulivyotabiriwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, miaka 82 baada ya makala ya Bethe. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2005.

Usafi una bei, hata kwa joto

Mfanyabiashara wa shaba anajua tofauti ya asilimia 99 na asilimia 99.99. Mabamba ya shaba ya daraja la juu, yanayopita forodhani chini ya msimbo 7403.11, yananunuliwa kwa usafi huo wa tisa nne. Minyororo ya spini nayo inadai vivyo hivyo, na sababu yake imepimwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Dresden, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Ufaransa, walipima jinsi joto linavyopita katika kiwanja kingine cha shaba, kilichotengenezwa kwa strontiamu, shaba na oksijeni. Humo minyororo ya shaba inasikilizana kwa nguvu kubwa mno, maelfu ya kelvini, kwa hiyo spinoni zinakimbia kasi na kubeba joto hata bila baridi kali.

Walitengeneza fuwele za aina mbili. Moja ilitokana na malighafi yenye usafi wa asilimia 99, nyingine asilimia 99.99. Katika ile safi zaidi, joto lililobebwa na spinoni lilikuwa kubwa zaidi kwa kiasi cha kushangaza. Kwenye baridi, spinoni zilisafiri zaidi ya sehemu ya elfu ya milimita bila kugongana na kitu. Kwa macho ni umbali mdogo, lakini ni maelfu ya atomu mfululizo.

Hitimisho lao lilikuwa kwamba minyororo yenyewe haileti kikwazo. Kinachozuia joto ni uchafu na kasoro za fuwele. Kwenye barabara pana, lori likiharibika unalipita pembeni. Kwenye barabara ya njia moja, lori moja bovu linasimamisha msafara mzima. Mnyororo ni barabara ya njia moja.

Joto hilo pia lina mwelekeo. Linapita kwa urahisi kufuata minyororo na kwa shida kuikata. Wahandisi wa vifaa vya elektroniki wanavutiwa na tabia hiyo: kitu kisichopitisha umeme, lakini kinachoweza kutoa joto upande mmoja na kulizuia upande mwingine.

Si kila mnyororo unafanana na wa shaba. Mwaka 1983 Mwingereza Duncan Haldane alitabiri kwamba minyororo yenye spini nzima badala ya nusu, kama ile ya nikeli, ingekuwa na kiingilio: nishati ya chini kabisa ambayo bila kuilipa hakuna kinachosogea. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1986 vipimo vya nyutroni huko Chalk River, Kanada, kwenye kiwanja cha sizi, nikeli na klorini, vilionesha kiingilio hicho. Haldane aligawana Nobel ya fizikia mwaka 2016.

Baridi inayotengenezwa kwa sumaku

Matumizi yaliyo karibu zaidi na minyororo hii ni upoozaji. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1933 Giauque na Duncan MacDougall, huko Berkeley, walipoza chumvi ya gadoliniamu chini ya kelvini 1 kwa kutumia sumaku tu.

Inafanya kazi hivi: chumvi iliyopoa tayari inawekwa kwenye sumaku kali, na spini zake zinajipanga. Katika kujipanga zinatoa joto, ambalo linachukuliwa na heliamu ya kimiminika. Kisha chumvi inatengwa isiguse kitu, na sumaku inapunguzwa taratibu. Spini zinarudi kwenye vurugu yake, lakini vurugu inahitaji nishati, na nishati pekee iliyopo ni joto la chumvi yenyewe. Chumvi inapoa.

Minyororo ya spini inaongeza jambo moja. Kuna nguvu ya sumaku ambapo mnyororo uko mpakani: chini yake spini zinabishana, juu yake zote zimetii. Hapo mpakani badiliko dogo la sumaku linabadilisha entropia kwa kiasi kikubwa, na upoozaji unakuwa mkali. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Goethe, Frankfurt, pamoja na wenzao, walionesha upoozaji wa namna hiyo katika mnyororo wa shaba uliotengenezwa kwa kemia ya kaboni, mpaka wake ukiwa kwenye tesla 4 hivi.

Faida yake inatokana na uhaba. Baridi ya chini ya kelvini 1, inayohitajiwa na aina nyingi za kompyuta za kwanta na vipima-nyota vya angani, kwa kawaida hutegemea heliamu-3, gesi adimu inayopatikana hasa kutokana na kuoza kwa tritiamu, ambayo hutengenezwa kwenye vinu vya nyuklia. Upoozaji wa sumaku hauhitaji gesi hiyo.

Hata hivyo, hatua ya kwanza ya kushuka hadi kelvini 4 bado ni ya heliamu ya kawaida, na hapa ukanda wetu una sehemu yake. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza ugunduzi wa gesi hiyo katika Bonde la Ufa Tanzania, eneo la Rukwa, wakikadiria futi za ujazo bilioni 54. Barabara inayotoka Sumbawanga kwenda Tunduma inapita jirani na bonde hilo. Shaba inayounda minyororo na heliamu inayoipoza vinapatikana umbali wa safari ya barabara.

Kinachomhusu mfanyabiashara

La kwanza ni tahadhari. Upoozaji huu unafanya kazi kwenye baridi ambayo hata hewa imeshaganda kuwa jiwe. Hautapoza samaki, maziwa wala chanjo. Neno «kwanta» limeanza kubandikwa kwenye bidhaa za kila namna, kuanzia mikufu hadi vifaa vya kupunguza bili ya umeme. Anayeuza friji ya kwanta kwa matumizi ya duka leo anauza jina.

La pili ni mrututu wenyewe. Ni sumu ukimezwa, unaunguza macho, na unaua samaki ukimwagika mtoni. Usafirishwe mkavu, mbali na chakula, kwenye vyombo visivyo vya chuma, kwa kuwa ukilowana hula chuma. Ukiuzwa kama dawa ya mimea, unaangukia pia chini ya sheria za viuatilifu za nchi unakoingia, mbali na ushuru wa forodha.

La tatu ni thamani. Katika Katanga ya zamani, shaba iliyoyeyushwa ilitengenezwa misalaba iliyotumika kama fedha katika biashara ya mbali. Thamani ilikuwa kwenye uzito na umbo, na watu walijua kulitengeneza umbo hilo. Leo thamani ya shaba imepanda ngazi: kutoka jiwe la mgodini hadi bamba la tisa nne, kutoka bamba hadi chumvi, kutoka chumvi hadi fuwele isiyo na kasoro. Ukanda huu unauza ngazi za chini kwa tani. Ngazi ya juu huuzwa kwa gramu, na kinacholipwa hapo ni usafi na uvumilivu wa kukuza fuwele.

Ngazi hiyo haiko mbali kwa kila hatua yake. Kukuza fuwele ya mrututu kunahitaji maji safi, chombo cha kioo, uzi, mahali pasipotikisika na wiki kadhaa za subira. Shule ya Lubumbashi, Kitwe au Mbeya inaweza kufanya hivyo. Kuipima ndiko kugumu, lakini milango ipo. Grenoble hupokea maombi ya watafiti na kuyachuja kwa ubora wa wazo. Karibu zaidi, kinu cha SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza kazi mwaka 1965, kina mitambo ya kupima vitu kwa nyutroni.

Hesabu ya Bethe ilifungwa kwa chumvi inayouzwa kwa kilo. Waliofanya hivyo waliipa usafi wa kutosha, wakapata jiwe la mizani la kuaminika, na hawakukubali kuacha asilimia 29 bila maelezo.